Bango la mvumaji-nyuki wa Kuba kwa ukubwa wake halisi: shajara ya mradi

Kazi yenyewe

Bango ni moja, karatasi ya A3 (sm 29.7 kwa 42), la kumwonyesha mvumaji-nyuki, Mellisuga helenae, pamoja na msitu anaoishi. Huyu ndiye ndege mdogo kuliko wote duniani, na hapatikani popote nje ya Kuba na visiwa vyake. Wavumaji, wale ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya maua (hummingbird kwa Kiingereza), ni wa mabara ya Amerika peke yake, spishi zaidi ya 350. Afrika hakuna hata mmoja. Chozi, ambaye watu wengi wa huku kwetu humdhania kuwa ndugu yake, ni wa ukoo mwingine kabisa. Wote wawili hunywa mbochi na kumetameta juani, lakini kila ukoo ulifika hapo kwa njia yake.

Msomaji wa Tanga au Mombasa kwa hiyo hana ndege wa kumpimia huyu. Picha za mtandaoni humkuza hadi akajaa kioo kizima cha simu, na karibu zote huonyesha dume mwenye koo jekundu. Bango letu linakwenda kinyume na hayo kwa mambo mawili. La kwanza, kila mvumaji-nyuki na kila ua litachapwa kwa ukubwa wake halisi, bila kukuzwa hata kidogo. La pili, wekundu utapewa nafasi yake ya kweli: ni wa dume tu, wa msimu wa kuzaliana tu, na huonekana mwanga ukipiga kwa pembe fulani tu. Ndege watakuwa wanne: dume wa msimu akielekea mwanga, dume huyohuyo akiwa amegeuka, jike, na dume aliyekwisha kubadili manyoya.

Februari: vipimo

Vipimo tunavyotumia ni vya wastani: dume sm 5.5 na gramu 1.95, jike sm 6.1 na gramu 2.6. Kwa wavumaji wadogo wa namna hii jike kumzidi dume si jambo la ajabu, na bango lazima lionyeshe hivyo. Mchoraji aliyezoea ndege wa kawaida humkuza dume bila kufikiri, kwa kuwa ndiye mwenye rangi. Uzito wa dume ni chini ya nusu ya kijiko cha chai cha sukari, na maneno hayo yataandikwa chini ya picha yake, kwa sababu gramu 1.95 peke yake haimwambii mtu kitu.

Sentimita 5.5 hizo zinahitaji uangalifu. Urefu wa ndege hupimwa kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ndege akiwa amelazwa chali na shingo imenyooshwa. Mdomo ni karibu sm 1, mweusi na ulionyooka. Ukiutoa huo na mkia, kichwa na kiwiliwili pamoja hubaki na takriban sm 3. Kosa la kawaida ni kuchora kiwiliwili cha sm 5.5 kisha kuongeza mdomo mbele na mkia nyuma: unapata ndege wa sm 8, ambaye si mvumaji-nyuki tena. Isitoshe, ndege aliyetua hukunja shingo na kukaa wima, kwa hiyo kutoka utosini hadi ncha ya mkia hupungua kuliko kipimo cha mezani. Mchoro wa ndege aliyetua tumeubana kwa kadiri hiyo.

Ngozi zilizokaushwa za makumbusho zinafaa kwa bawa, mkia na rangi za kumetameta, ambazo hazififii hata baada ya miaka mingi. Kwa umbo la mwili hazifai. Pamba inayojazwa ndani huivuta shingo na kunenepesha kifua, na ngozi ikikauka hunywea. Umbo la mwili tunalichukua kwenye picha za ndege hai, na uwiano wa manyoya kwenye ngozi.

Kando ya ndege hawa wanne patakuwa na kivuli kitupu cha kijivu cha chozi mwenye mgongo wa kijani na tumbo la njano, Hedydipna collaris, wa karibu sm 10, anayeonekana bustanini sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kivuli hakina rangi wala maelezo marefu, kazi yake ni kumpa msomaji kipimo anachokijua.

Machi mwanzoni: penseli

Kuchora moja kwa moja kwa ukubwa halisi hakuwezekani. Unyoya mmoja wa koo ni kama milimita moja, na brashi nyembamba kabisa huacha mstari wa theluthi ya milimita mkono ukitulia. Kila ndege anachorwa mara tatu ya ukubwa wake: dume sm 16.5, jike sm 18.3. Karatasi ni ya pamba, laini, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Yenye mikwaruzo haifai, kwa sababu rangi hutuama kwenye vishimo na unyoya mdogo hupoteza ukingo. Mpangilio mzima kwa kipimo hicho ungehitaji karatasi ya karibu sm 89 kwa 126. Kwa hiyo kila kitu kinachorwa peke yake na kuunganishwa kwenye kompyuta.

Kuna sharti moja la kukumbuka tangu penseli inapogusa karatasi. Mstari ulio chini ya mm 0.2 kwenye chapa ya mwisho hupotea au hukatikakatika. Kwa mchoro wa mara tatu, mstari mwembamba kupita wote uwe mm 0.6. Nyuzi nyembambanyembamba za manyoya zinapendeza mezani, lakini picha ikipunguzwa hugeuka ukungu wa kijivu.

Bawa ndilo linalowapotosha wengi. Mfupa wa mkono wa juu wa mvumaji ni mfupi mno, na sehemu kubwa ya bawa ni kiganja chenye manyoya makuu kumi. Manyoya ya ndani ni machache na mafupi. Kiwiko hufichwa na manyoya ya mwili, kwa hiyo bawa halionyeshi kona katikati kama la ndege wengine. Hutoka begani likiwa jembamba na kupinda taratibu hadi nchani. Mkia una manyoya kumi.

Dume wa kwanza anachorwa akielea mbele ya ua. Mwili unasimama mshazari, na mabawa yanapiga mbele na nyuma karibu usawa wa ardhi, si juu na chini. Kila yanaporudi hujipindua, upande wa chini ukatazama juu, na ndiyo maana mvumaji hubebwa hewani na mapigo yote mawili: takriban asilimia 75 ya nguvu hutoka pigo la kwenda mbele na 25 pigo la kurudi. Kwa mapigo 80 hivi kwa sekunde, jicho la mtu huona ukungu tu pembeni mwa ndege. Tumelichora bawa limesimama, katikati ya pigo la mbele, ili umbo lisomeke. Miguu imefichwa ndani ya manyoya ya tumbo. Kwa ndege waliotua, vidole pekee ndivyo vinavyoonekana vikishika kijiti. Miguu ya mvumaji ni midogo mno na haimwezeshi kutembea, hivyo asichorwe kamwe akiwa amesimama juu ya jani pana kama anayetaka kupiga hatua.

Machi mwishoni: koo la dume

Hapa ndipo kazi ilipo ngumu, na tumekaa hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Dume wa msimu ana kichwa na koo la waridi iliyokolea yenye wekundu wa moto, na manyoya ya pembeni mwa koo ni marefu, yanachomoza nyuma kwa ncha kali. Mgongo ni wa buluu yenye kijani kidogo. Tumbo ni jeupe lenye ukijivu. Wekundu ule haumo ndani ya unyoya kama rangi inavyokuwa ndani ya kitambaa. Vijinyoya vyake vina tabaka za vibamba vidogo sana vyenye hewa ndani, na mwanga unaporudi kutoka kwenye tabaka hizo, mawimbi ya rangi moja huongezewa nguvu na mengine hufutana. Pembe ikibadilika kidogo, rangi huhama. Ikibadilika zaidi, huzimika, na koo lililokuwa linawaka huwa jeusi.

Kwa mchoraji, maana yake ni kwamba kivuli cha kawaida hakifanyi kazi. Ukipaka wekundu kifuani na kuufifisha polepole kuelekea shavuni, unapata ndege aliyepakwa rangi ya nyumba. Mpaka kati ya sehemu inayowaka na iliyozimika ni wa ghafla, wakati mwingine kati ya unyoya mmoja na wa pili yake. Halafu ni ncha ya kila unyoya tu inayowaka. Shina lake ni la kijivu cha giza na limefunikwa na unyoya ulio juu yake.

Utaratibu uliokubali ni huu. Chora magamba yote ya koo, yaani zile ncha za manyoya zilizopangana, kwa penseli ngumu ya 2H. Sehemu ya kuwaka iache karatasi nyeupe kabisa, kwa sababu weupe wa karatasi ndio taa ya rangi angavu inayopita juu yake. Paka waridi ya kwinakridoni, ile yenye alama PV19 kwenye tyubu, nyembamba, kisha subiri ikauke kabisa. Tabaka la pili ni mchanganyiko wa sehemu mbili za waridi hiyo kwa sehemu moja ya nyekundu ya piroli, PR254, ukianzia katikati ya gamba na kuacha ukingo wa nchani na tabaka la kwanza tu. Mwisho, chini ya kila gamba, weka mstari wa giza uliochanganywa kwa buluu ya ultramarini na kahawia iliyoungua. Usitumie nyeusi ya tyubu: huifanya waridi iliyo karibu nayo ionekane chafu. Sehemu iliyozimika hupakwa mchanganyiko huohuo wa giza pekee, na tone la waridi ndani yake ili isiwe shimo.

Tabaka la pili likiwekwa la kwanza likiwa bichi, rangi hukimbia, magamba huungana, na hakuna namna ya kuyatenganisha tena bila kukwaruza karatasi.

Vitu viwili tumevikataa. Cha kwanza ni zile rangi za waridi zinazong'aa kama taa ya neoni. Hupendeza siku ya kwanza, lakini mng'ao wake unatokana na rangi ya nguo isiyostahimili jua, na hufifia upesi ukutani. Cha pili ni unga wa ulanga unaometameta. Kwa picha ya kutundikwa ni mzuri, ila skana ina taa ya pembe moja isiyohama, na ulanga mbele yake hutoka kama vumbi la kijivu.

Dume wa pili, yule aliyegeuka, ana kichwa cheusi chote isipokuwa magamba machache ya waridi nyuma ya shavu. Wengi wakiona mchoro huu hudhani ni spishi nyingine. Hasa kwa sababu hiyo, yumo bangoni, karibu na mwenzake.

Aprili: jike, na dume nje ya msimu

Jike ni wa kijani chenye buluu mgongoni na kijivu cheupe chini, hana wekundu popote, na ncha za manyoya ya nje ya mkia ni nyeupe. Dume hubadili manyoya mara msimu unapokwisha. Kuzaliana ni kati ya Machi na Juni, na baada ya hapo koo lake jekundu hupotea na hubaki akifanana sana na jike. Tofauti inayotegemeka ni mkia: wa dume hauna ncha nyeupe. Michoro hii miwili imewekwa ubavu kwa ubavu, mikia ikiwa imefunguka kiasi, na mshale mmoja tu unaoelekeza kwenye ncha. Mishale ikizidi mtu haangalii ndege.

Mgongo: feruzi ya PB16 na ultramarini nusu kwa nusu kwa dume, kwa jike, ongeza njano kidogo sana. Feruzi hii ina nguvu na hushika karatasi mara moja, hivyo anza na maji mengi. Tumbo ni mchanganyiko uleule wa ultramarini na kahawia iliyoungua, ulioongezwa maji hadi unakaribia kutoonekana. Tumbo likiachwa jeupe tupu ndege huonekana amekatwa kwa mkasi.

Kuba ina mvumaji mwingine anayezaliana huko, zumaridi wa Kuba, Riccordia ricordii, na yeye ndiye huchanganywa na mvumaji-nyuki. Wakuba humwita zunzún, na huyu mdogo zunzuncito. Zumaridi ana urefu wa sm 10 hadi 11, karibu mara mbili, mkia wake mrefu umegawanyika kama uma, na nyuma ya jicho ana doa jeupe. Picha yake ndogo inatosha, mkia wake ndio unaomaliza ubishi. Ndugu wa karibu wa mvumaji-nyuki, Mellisuga minima wa Jamaika na kisiwa cha Hispaniola, tumemtaja kwa mstari mmoja bila picha, kwa kuwa hakutani na huyu porini.

Mei: msitu

Makazi hayakuwekwa kama pambo la nyuma. Ndege huyu alikuwa ameenea zaidi Kuba, na sasa yuko vipande vipande kwa sababu misitu ilifyekwa kupisha miwa, kahawa na malisho ya ng'ombe. Katika orodha ya kimataifa ya uhifadhi amewekwa kundi la walio karibu na hatari. Anayemchora hewani juu ya karatasi tupu ameacha nusu ya maelezo.

Tumechagua Ciénaga de Zapata, mkoa wa Matanzas, kusini mwa kisiwa, iliyotangazwa hifadhi ya bayongahewa mwaka 2000. Jina linamaanisha kinamasi, na picha nyingi za Zapata ni za nyasi za majini na mikoko. Mvumaji-nyuki humtafuti katikati ya nyasi hizo. Mtafute kwenye msitu uliosimama juu ya mawe chokaa kando ya kinamasi, penye miti mikubwa, mitambaazi na mimea inayoota juu ya matawi, na kwenye kingo za msitu huo ambako jua hufika na maua huwa mengi. Hata kwenye kijiji cha Pálpite, ndani ya eneo hilo, huja kwenye vichaka vya maua vya uani, kwa kuwa msitu uko jirani.

Miti ya bangoni ni miwili. Bursera simaruba ina gome jekundu la kahawia linalobanduka kama karatasi na kuacha kijani chini yake. Ni rahisi kulitambua na hutoa rangi ya joto nyuma ya ndege wa buluu. Lysiloma latisiliquum ni wa jamii ya kunde, majani madogo madogo, na maua yake yamo katika orodha ya chakula cha ndege huyu. Juu ya matawi imewekwa mimea ya jamii ya nanasi, Tillandsia, inayojishikiza kwenye gome bila kugusa udongo.

Ua la mbele ni Hamelia patens, ambalo Wakuba huliita ponasí. Ni kichaka chenye vikonyo vyekundu, majani mara nyingi matatu matatu kwenye kila kifundo, maua membamba ya mrija yenye rangi ya chungwa iliyokolea, na matunda yanayotoka wekundu kwenda weusi. Ua lina karibu sm 2, na jani lake hufika sm 15. Zingatia hapo: jani moja linaweza kuwa karibu mara tatu ya ndege mzima. Mchoro wa kwanza wa mpangilio ukionyesha jani dogo kuliko ndege, kipimo kimepotea, anza upya.

Antigonon leptopus, mtambaazi wa maua ya waridi wenye asili ya Meksiko ambao hupandwa kwenye nyua hata mwambao wetu, nao hutembelewa na mvumaji-nyuki. Hatukuuweka. Msomaji angeondoka akiamini kwamba maua ya uani yanamtosha ndege huyu, ilhali anahitaji pia wadudu wadogo, buibui, na vifaa vya kiota.

Kiota ni kikombe cha kipenyo cha karibu sm 2.5, kimefumwa kwa utando wa buibui na vipande vya gome, na kuvumwani nje yake vinakifanya kisitofautike na tawi. Utando ndio siri yake, kwa sababu hunyumbuka makinda yanapokua. Mayai ni mawili. Jike hujenga, huatamia kwa wiki tatu hivi na kulea peke yake, na makinda huondoka baada ya takriban siku 18. Kwa hiyo dume asichorwe kamwe kando ya kiota. Rangi ya kiota ni kijivu, kijani kilichofifia na kahawia, mguso mkavu wa brashi, bila mstari wa kukizungushia.

Ramani

Kuba ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Kwa kipimo cha sm 1 kwa km 100, ramani ni sm 12.5 na inakaa kona ya chini kulia. Kisiwa chote kikijazwa rangi moja ni uongo. Tumeweka madoa tu: rasi ya Guanahacabibes magharibi kabisa, Zapata, na milima ya Hifadhi ya Taifa ya Alejandro de Humboldt mashariki. Isla de la Juventud, iliyoitwa Isla de Pinos hadi 1978, imepewa duara lisilojazwa pamoja na maandishi yanayosema ni sehemu ya eneo la kihistoria la ndege huyu. Chini ya ramani pameandikwa kwamba Juan Lembeye alimweleza ndege huyu kisayansi mwaka 1850.

Hali ilivyo sasa

Michoro yote imeskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi. Dume wa sm 16.5 anatoa pikseli 3,898, na chapa ya sm 5.5 kwa nukta 300 inahitaji 650 tu, kwa hiyo nafasi ipo. Punguza mara moja, moja kwa moja hadi theluthi. Ukipunguza kidogo kidogo, kila mara picha hulainika.

Kilichobaki ni koo kwenye wino nne za mashine. Waridi hii ya moto haifiki yote, huwa inafifia kuelekea wekundu wa tofali. Kuongeza kolezo kwenye kompyuta hakusaidii, kwa sababu wino una kikomo chake. Magamba yanayowaka yapewe majenta asilimia 100, njano asilimia 45, na sifuri kwa samawati na nyeusi. Kisha magamba ya jirani yatiwe giza zaidi, maana jicho hupima mwako kwa kilicho pembeni yake. Sampuli ya kwanza ichapwe kwenye karatasi isiyo na mng'aro ya gramu 200, na kabla ya jambo lolote lingine ipimwe kwa rula: dume sm 5.5, jike sm 6.1. Mashine nyingi zimewekwa zipunguze ukurasa ili uenee ndani ya pambizo, na asilimia nne tu humtoa ndege milimita mbili.